Filimbi ya Matete na Sikio la Mwamuzi

Msomaji, ukikifungua kitabu cha muziki kitumikacho katika shule za sekondari za Kenya, aghalabu utakuta ndani yake jedwali la ala za kupuliza. Upande mmoja yameandikwa majina ya ala, na upande wa pili majina ya watu wanaozipiga. Utasoma kwamba chivoti ni ya Wadigo, nzumari ni ya Wamijikenda, asili ni ya Wajaluo, na auleru ni ya Wateso. Mwanafunzi hulisoma jedwali hilo mara tatu au nne, hulifunika kwa kiganja, hujijaribu mwenyewe, na siku ya mtihani huandika neno auleru mahali panapotakiwa, akapewa alama yake.

Jedwali hilo halina uongo. Waliotutangulia katika kazi hiyo walikuwa watu wenye masikio. Graham Hyslop, aliyetoa kitabu chake cha ala za muziki za Kenya mwaka 1975, na George Senoga-Zake, aliyetoa chake juu ya muziki wa kienyeji wa Kenya mwaka 1986, walikwenda kwa wapigaji wakawasikiliza. (Wote wawili walikuwa pia katika kamati ya watu watano iliyotunga wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963, kwa hiyo kila asubuhi ya gwaride la shule unasikia kazi ya mikono yao.) Lakini waliofuata walinakili majina wakaziacha sauti, na wanafunzi wa walionakili wakanakili tena. Leo mtu aweza kuijua auleru kwa kalamu bila kuwahi kuisikia hata mara moja, naye ameishi maisha yake yote mwendo wa saa chache kutoka Amukura.

Nathubutu kusema kwamba hilo ni kosa la uhakiki kabla ya kuwa kosa la masomo. Nakuandikia wewe unayesoma Khunyangu katika nchi ya Wamarachi, au Nambale, au Funyula, au huko Malaba ambako honi za malori hazinyamazi usiku wala mchana. Filimbi ya matete haikuachwa kwa sababu ilisikilizwa ikaonekana haina thamani. Iliachwa kwa sababu ilipimwa kwa kipimo cha filimbi nyingine, na aliyeipima hakujua kwamba mkononi ana kipimo cha kigeni. Mashtaka juu yake ni matatu, nawe huenda umeyasikia: noti zake ni chache, sauti zake hazilingani na kinanda, na mlio wake ni mdogo. Tuyatazame, lakini kwanza tuelewane juu ya filimbi ni kitu gani.

Mwaka 1914 wataalamu wawili, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walizigawa ala za dunia nzima katika makundi manne: zinazolia kwa mwili wake zenyewe, zinazolia kwa ngozi, zinazolia kwa nyuzi, na zinazolia kwa hewa. Katika kundi la hewa huwekwa filimbi, nzumari na baragumu pamoja, lakini hazifanani kwa namna zinavyopata sauti. Katika baragumu, iwe pembe ya ng'ombe au kibuyu kirefu, kinachotikisika ni midomo ya mpigaji. Katika nzumari ni vipande viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, ambavyo hufunguka na kufungika kwa pumzi. Duduki ya Waarmenia, ambayo huchongwa katika mti wa aprikoti wa huko kwao, hulia kwa njia hiyo hiyo. Katika filimbi hakuna kitu kigumu kinachotikisika. Pumzi hupigwa juu ya ukingo mkali, ikagawanyika, mara ndani mara nje, nayo hewa iliyomo ndani ya bomba ikatikisika yenyewe.

Kwa hiyo kinacholia ni hewa, na mwanzi ni nyumba yake tu. Ndiyo sababu wazee wa kale sana waliweza kutengeneza filimbi kwa mfupa: mwaka 2008 katika pango la Hohle Fels nchini Ujerumani ilifukuliwa filimbi ya mfupa wa tai mla mizoga, ina matundu matano, na umri wake wapita miaka 35,000. Ndiyo sababu pia fluti ya orkestra, ijapokuwa siku hizi hutengenezwa kwa fedha, bado huhesabiwa pamoja na ala za mbao.

Bomba refu hutoa sauti nzito, na bomba fupi hutoa sauti nyembamba. Ukitoboa tundu na kuliacha wazi, umelifupisha bomba bila kulikata. Ukiongeza nguvu na wembamba wa pumzi bila kusogeza kidole, sauti huruka juu hadi pacha wake, yaani noti ile ile katika daraja la juu. Mambo hayo mawili, tundu na pumzi, ndiyo utajiri wote wa filimbi, na mtu asiyeyajua yote mawili hawezi kuhesabu noti zake sawasawa.

Sasa shtaka la kwanza lajibiwa kwa urahisi. Chukua endere ya Waganda, ambayo ni jamaa wa filimbi zetu ng'ambo ya mpaka. Ina matundu manne, na mwanya mdogo uliochongwa kwenye ukingo wa juu. Matundu yote yakiwa yamezibwa, hutoa noti moja, ukiyafungua moja baada ya jingine, wapata nne zaidi, jumla tano. Na ngazi ya muziki wa Waganda ina noti ngapi? Tano. Mtengenezaji hakupungukiwa na matundu. Ametoboa kadiri lugha yake ilivyohitaji, na zile tano za juu hupatikana kwa pumzi. Kumlaumu ni sawa na kuilaumu lugha ya Kiswahili kwamba ina irabu tano, wakati lugha nyingine ina kumi.

Pengine utasema kwamba hiyo ni hoja ya mtu anayeutetea umaskini. Basi tazama mbali zaidi. Wachungaji wa Slovakia wana filimbi iitwayo fujara, ndefu kumshinda mtu mwenye kimo cha kawaida, nayo ina matundu matatu tu. Kwa kupanda na kushuka kwa pumzi mpigaji hupata ngazi nzima ya sauti, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa miongoni mwa turathi kuu za binadamu. Wajapani wana shakuhachi, mwanzi wenye matundu matano, ambayo watawa wa dhehebu la Fuke waliipiga kama namna ya ibada hadi dhehebu lao lilipopigwa marufuku mwaka 1871. Kwa kuinamisha kichwa kidogo au kuziba nusu ya tundu, mpigaji wa shakuhachi hupata noti zote zilizomo katika kinanda, na nyingine zisizomo. Hakuna mhakiki mwenye akili timamu anayesema kwamba shakuhachi ni ala duni kwa sababu ina matundu matano. Kwa nini basi tuseme hivyo juu ya tete la Mto Sio?

Shtaka la pili ni zito, nami nataka tukae nalo zaidi, maana ndilo linaloua filimbi nyingi kimya kimya.

Husemwa kwamba filimbi ya kienyeji haiko sawa. Mwalimu hupiga noti katika kinanda, kijana hupuliza filimbi yake, sauti mbili hugongana, na watu darasani hucheka. Hukumu hutolewa papo hapo: filimbi imekosea. Lakini kinanda chenyewe kimepangwa namna gani? Umbali kutoka noti moja hadi pacha wake wa juu umekatwa katika hatua kumi na mbili zilizo sawa. Mpango huo ni wa Ulaya, tena haukuwa wa kawaida hata huko kwa karne nyingi. Ni mapatano mazuri yenye faida zake, wala haikuwa sheria ya Mungu iliyoshuka pamoja na mvua.

Mwaka 1950 Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, alichapisha katika jarida la Nature la Uingereza makala fupi juu ya kinubi cha Waganda. Alikuwa amezipima nyuzi zake, akaona kwamba umbali ule ule, ambao kinanda huukata mara kumi na mbili, Mganda alikuwa ameukata mara tano, na hatua hizo tano zilikaribia sana kuwa sawa. Fanya hesabu mwenyewe. Gawa kumi na mbili kwa tano: kila hatua ya Mganda ni hatua mbili na sehemu nne za kumi za kinanda. Noti yake ya pili itaangukia mbili nukta nne, baina ya ufunguo na ufunguo. Ya tatu itafika nne nukta nane, karibu na ufunguo wa tano lakini chini yake kidogo. Ya nne ni saba nukta mbili, juu kidogo ya ufunguo wa saba. Ya tano ni tisa nukta sita, nayo haina mwenyeji kabisa. Ipo katikati ya njia.

Sisemi kwamba kila mpangaji wa nyuzi alifuata hesabu hiyo barabara, maana mafundi hutofautiana, na sikio halitumii rula. Nasema kwamba sikio lililolelewa na ngazi hiyo lina sheria, na sheria hiyo yaweza kupimwa. Filimbi inayoifuata iko sawa kabisa. Ikiletwa mbele ya kinanda, noti mbili katika tano zitasikika kuwa mbovu, na hizo mbili ndizo zinazoifanya ijulikane nyumbani kwake. Mwamuzi anayeandika katika karatasi yake kwamba filimbi haikulingana, bila kueleza ilikosa kulingana na nini, ameandika habari za sikio lake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa Ulaya walilifanya kwa akili kubwa, nalo limetupotosha sisi tusiolichunguza. Theobald Boehm wa Munich, sonara kwa kazi yake ya kwanza na mpigaji fluti hodari, alitoa mwaka 1847 fluti ambayo matundu yake hayakupangwa kwa kufuata vidole. Aliyapanga kwa kufuata hesabu ya hewa, mahali ambapo kila noti ingetoka kwa usafi, kisha, kwa kuwa vidole vya binadamu haviwezi kufika huko, akaweka vifuniko na vyuma vya kuvivuta. Ni kazi ya kustaajabiwa. Lakini tangu hapo watu wamezoea kuona vyuma vingi kuwa dalili ya maendeleo, na tete tupu kuwa dalili ya utoto, kana kwamba ala zote zilikuwa njiani zikielekea Munich na baadhi yake zikachoka. Boehm alitafuta kile ambacho orkestra ya wakati wake ilikihitaji: sauti kubwa, na noti zote kumi na mbili zilizo sawa kwa nguvu. Mchungaji hakuhitaji hicho. Alihitaji kitu kinachoweza kukatwa kandokando ya mto asubuhi na kupigwa jioni kwa vidole vya mkono wake jinsi ulivyo, na noti zisizolingana kwa nguvu hazikumsumbua, kwa maana noti dhaifu ilikuwa na mahali pake katika wimbo.

Hapo twafikia shtaka la tatu, la mlio mdogo. Hili ni kweli. Filimbi ya tete haishindani na ngoma, wala haifiki nyuma ya ukumbi. Walakini ni nani aliyesema kwamba inapaswa kufika huko? Katika nchi nyingi za dunia, kutoka Slovakia hadi milima ya Andes, filimbi imekuwa mwenzi wa mtu aliye peke yake na mifugo. Msikilizaji wake wa kwanza ni mpigaji mwenyewe. Wa pili ni ng'ombe. Wa tatu ni mtu apitaye njiani, ambaye husikia kipande cha wimbo akaendelea na safari yake.

Sasa fikiri ala ya namna hiyo inapandishwa jukwaani. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na pasipo matamasha ya shule nyimbo nyingi za nchi hii zingalikuwa zimekwisha sahaulika; kwa hiyo sitaki kuonekana kama mtu aubomoaye ukuta unaomkinga na upepo. Lakini nina lawama moja juu ya namna filimbi inavyotumiwa jukwaani, hapa kwetu na kwingineko. Pazia hufunguliwa. Kijana aliyevaa ngozi hujitokeza pembeni, hupuliza filimbi kwa muda wa pumzi tatu, watu hujua kwamba sasa tuko kijijini, kisha ngoma huingia, waimbaji arobaini huingia, na yule kijana hukaa na filimbi yake mapajani mpaka mwisho. Filimbi imetumiwa kama majani ya migomba yaliyofungwa mlangoni siku ya sherehe. Haikupewa wimbo wa kuanza, kuukuza na kuumaliza. Ningeyakubali hayo kama filimbi isingekuwa na la kusema, lakini hawajaiuliza. Mpeni kijana huyo dakika tatu na jukwaa tupu, na ukumbi utanyamaza wenyewe ili usikie.

Wala usidhani, msomaji, kwamba nataka tuisifu kila filimbi kwa kuwa ni yetu. Filimbi mbovu zipo, nyingi sana, na sifa za bure huziharibu nzuri pamoja nazo. Matete hupasuka yakikauka. Mwanya wa mdomoni ukichongwa kwa haraka, pumzi hutawanyika, na mlio hujaa upepo. Fundi mvivu hutoboa tundu la mwisho mbali mno, kisha mpigaji hulazimika kuliziba nusu kila mara. Basi tuihukumu filimbi, tena kwa ukali, lakini kwa maswali yanayoihusu. Je, noti ya chini kabisa, ile ya matundu yote kuzibwa, hutoka bila kushurutishwa? Je, pacha wake wa juu huitikia pumzi inapoongezwa, au hupiga kelele? Je, inakubaliana na nafsi yake, yaani noti iliyosikika mwanzo wa wimbo ni ile ile itakayosikika mwishoni? Na zaidi ya yote, mpigaji akiweka filimbi chini akaimba wimbo ule ule kwa koo lake, je, sauti mbili hizo ni za mtu mmoja? Mwamuzi akiyajibu maswali hayo, atakuwa amefanya kazi yake, hata akiwapa wapigaji wengi alama za chini.

Nimesema filimbi iliachwa. Ni haki tueleze iliachwa namna gani, maana si dharau peke yake iliyofanya kazi. Huko Buganda filimbi ilikuwa na nyumba ya kifalme: Kabaka alikuwa na wapuliza endere wake, walioitwa abalere. Mwezi wa Mei 1966 majeshi ya serikali yaliushambulia Lubiri, na mwaka 1967 falme za Uganda zikafutwa. Wanamuziki wa ikulu walitawanyika, na falme ziliporudishwa mwaka 1993 kizazi kizima kilikuwa kimepita. Huku kwetu mambo yalikwenda polepole zaidi, bila bunduki. Mpigaji wa filimbi alikuwa mtoto wa malishoni. Mwaka 2003 Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto waliokuwa nyuma ya ng'ombe walikuja kukaa madawatini. Hilo lilikuwa jambo jema; asiyekubali na akachunge yeye. Lakini tuone lilivyokuwa: malisho yalikuwa ndiyo darasa la filimbi, na darasa hilo limefungwa. Hakuna mzazi awezaye kulifungua tena kwa kumrudisha mwanawe porini.

Mtoto huyo alipofika shuleni, alikabidhiwa nini? Filimbi. Rekoda, ile ya plastiki yenye matundu manane, saba mbele na moja la kidole gumba nyuma, ambayo imefundishwa katika shule nyingi za Kenya. Nisome vizuri hapa. Sina ugomvi na rekoda. Ni ala nzuri, haipasuki, bei yake si kubwa, na imewafundisha maelfu ya watoto kusoma noti. Ila nataka uijue historia yake, kwa sababu inashangaza.

Rekoda ilikuwa filimbi ya heshima huko Ulaya kwa karne kadhaa. Kisha katika karne ya kumi na nane ilishtakiwa. Walisema mlio wake ni mdogo, haufiki nyuma ya ukumbi. Walisema haiwezi kushindana na ala nyingine za orkestra. Fluti ya kupulizwa ubavuni ikachukua nafasi yake, na kwa zaidi ya miaka mia moja rekoda ilikuwa kitu cha kabatini na cha jumba la makumbusho. Mwaka 1919 fundi mmoja aliyeishi Uingereza, Arnold Dolmetsch, alitengeneza upya rekoda kwa kuzichunguza zile za zamani. Katika miaka ya 1930 walimu kama Edgar Hunt waliipeleka katika shule za Uingereza, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ilianza kutengenezwa kwa plastiki kwa wingi. Kutoka hapo ilisafiri mpaka ikafika Butula.

Umeona, msomaji? Mashtaka ni yale yale, ya mlio mdogo na ya kutofaa kwa orkestra. Filimbi iliyofundishwa ili ichukue nafasi ya filimbi ya matete ni filimbi iliyokwisha kufa kwa kosa lile lile, na ikafufuliwa na fundi mmoja na walimu wachache. Hakuna aliyewacheka. Basi kama shule imeweza kumfufulia Mwingereza filimbi yake, sioni kwa nini isiweze kumfanyia Mteso kazi iyo hiyo, hasa kwa kuwa tete halihitaji kuagizwa kwa meli.

Kuna watakaosema kwamba kuirudisha ala ya zamani ni kuigandisha. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini mifano yaonyesha njia. Pannalal Ghosh, aliyezaliwa Barisal katika Bengali mwaka 1911 na kufa mwaka 1960, aliikuta bansuri, filimbi ya mwanzi ya watu wa mashambani wa India, ikidharauliwa kuwa haifai kwa muziki mkuu wa raga. Akatafuta mianzi mirefu na minene, akatengeneza bansuri ndefu yenye mlio mzito, akaongeza tundu la saba. Aliibadilisha sana, lakini angalia aliibadilisha kwa ajili ya nini: kwa ajili ya raga. Aliuliza muziki wake unataka nini, kisha akalitoboa tundu hilo. Hakuuliza kinanda.

Na Johannesburg, katika miaka ya 1950, vijana weusi walichukua filimbi za bati za bei ndogo zilizotoka Ujerumani, zenye matundu sita, wakaziinamisha mdomoni kwa namna ambayo waliozitengeneza hawakuikusudia, wakapata mlio mnene uliojaa, na kutoka humo ukazaliwa muziki wa kwela. Spokes Mashiyane alikuwa mashuhuri kupita wote miongoni mwao. Ala ilikuwa ya kigeni mia kwa mia, na lugha iliyosemwa ndani yake ilikuwa yao. Nauleta mfano huu kwa makusudi, ili usidhani ugomvi wangu ni juu ya tete dhidi ya plastiki. Kijana wa Khunyangu aweza kuziba nusu ya tundu la rekoda yake mpaka aipate noti aliyoimba bibi yake. Kinachotakiwa ni aijue noti hiyo kwanza, na ajue kwamba si kosa.

Kwa hiyo usimalizie ukurasa huu kwa kulisoma tena lile jedwali. Upande wa Amukura na Angurai, na ng'ambo ya mto huko Tororo, uliza kwa adabu kama yuko mzee apulizaye auleru. Na kama yuko, msikilize wimbo mzima kabla hujamuuliza ala yake ina matundu mangapi. Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika mwaka 1954, alikwisha kupita Kenya na Uganda mwaka 1950 na 1952 akinasa sauti. Mwombe mwalimu wako akutafutie kazi zake. Kisha kata kipande cha mwanzi au tete lililo wazi ndani, urefu wa kutoka kiwiko hadi vidoleni. Chonga mwanya mdogo kwenye ukingo wa juu, uweke chini ya mdomo wako, na upulize kama mtu apozaye uji. Siku ya kwanza utapata upepo mtupu na kizunguzungu. Ukipata sauti, toboa kwa waya wa moto matundu manne mahali ambapo vidole vyako vinaangukia vyenyewe, ya mkono wa kulia mawili na ya kushoto mawili. Ikisha kuwa tayari, nenda nayo penye kinanda cha shule au cha kanisa wakati ambapo hapana mtu wa kucheka, uitafute kila noti yake katika funguo, na uandike katika daftari zile ambazo hukuzipata.